Aliyewahi kuanzisha biashara ya gemu, tupeane uzoefu: wazo lilikufikisha wapi?

Baba Shamsa
Wakuu habari za jioni. Jana nilikuwa kinyozi, dogo mmoja akaniambia ana wazo la gemu la kumtoa kimaisha, ila hanisimulii mpaka nisaini karatasi ya kutunza siri. Nilicheka mpaka kinyozi akanishika kichwa nisikatwe. Dogo yule ni mimi wa 2016.

Tulikuwa watatu. Wazo letu gemu ya konda wa daladala: unapakia, unadai nauli, unamkwepa trafiki, ukining'inia mlangoni vibaya unaanguka. Tukaenda steshenari Kariakoo, tukachapa mkataba wa siri kurasa mbili, tukapigiwa muhuri na wakili. Tukagawana hisa, mimi asilimia 40, wenzangu 30 kila mmoja. Miezi miwili tukabishania rangi ya nembo. Gemu yenyewe sasa: konda alikuwa anatembea kushoto tu. Ukimpeleka kulia anapenya ukuta wa stendi na kupotelea huko. Hakuna aliyerekebisha, kila mtu alimsubiri mwenzake. Mkataba ninao mpaka leo kwenye bahasha. Siri imetunzwa vizuri sana.

Wewe uliyeanza kweli, iwe gemu ya simu au kibanda cha kuchezea PlayStation (PS), ulikwama wapi?

Mtu Kwao
"Siri imetunzwa vizuri sana." Mkuu umeniua.

Fundi wa Usiku
Umenigusa pabaya. Mimi wazo halikuwa langu hata chembe: lasti kadi, mchezo ambao kila mtu kaucheza shuleni nyuma ya darasa. Niliiandika usiku baada ya kibarua, miezi saba. Wiki ya kwanza waliopakua 60, nusu ndugu zangu. Binamu yangu wa Singida akanipigia, "Kaka, gemu yako imekula bando langu la siku na bado haijamaliza kushuka." MB 140! Picha za karata nilikuwa nimeziweka kubwa kama bango la barabarani. Wiki mbili nzima nikawa napunguza picha na sauti mpaka ikafika MB 19. Hapo ndipo watu wakaanza kuingia.

Imefika wachezaji elfu nne, laptopu ikaibwa. Ndani yake kulikuwa na lile faili la ufunguo wa kusaini gemu, linalothibitisha kuwa gemu ni yako, na nakala sikuwa nayo popote. Waliokuwepo 2018 wanajua: ukilipoteza lile faili, toleo jipya ulikuwa hupandishi. Gemu yangu ikabaki kwenye duka la gemu za simu na kosa lake la kugandisha simu, nikiitazama kama mtoto aliyefungiwa ndani. Nikapandisha nyingine kwa jina jipya, wachezaji sifuri. Kujitumia lile faili kwa barua pepe ni dakika moja tu, ndugu zangu.

Binti Sayari
Nimefungua laptopu sasa hivi kutafuta langu. Asante.

Mwalimu wa Zamu
Mnahangaika bure na kuibiwa mawazo. Mtengeneza gemu Zach Barth alitoa gemu ya Infiniminer mwaka 2009, dunia ya vitofali, unachimba na kujenga. Msimbo wake ukavuja, kila mtu akatengeneza toleo lake, mwenyewe akaiacha. Mwaka huo huo Markus Persson wa Sweden, aliyeiona hiyo Infiniminer akaipenda, akaanza Minecraft. Aliiuza ikiwa bado mbichi, akawa anaongeza vitu huku watu wanacheza. 2014 Microsoft wakainunua kampuni yake kwa dola bilioni 2.5. Wazo lilikuwa la nani?

Kijana wa Ilala
Mwalimu unachagua mifano ya kukufaa. Threes je, ile gemu ya kuunganisha namba? Walioitengeneza walihangaika zaidi ya mwaka, kila kitu kimepigwa msasa, ikatoka Februari 2014. Machi Gabriele Cirulli, kijana wa miaka 19 Italia, akatoa 2048, inayofanana nayo, aliyoiandika wikiendi moja tu, ikajaa dunia nzima. Wengi hata hawajui kama Threes ipo. Huo utekelezaji wenu uliwasaidia nini? Bahati jamani.

Fundi wa Usiku
2048 ilikuwa ya bure, inafunguka kwenye kivinjari chochote. Threes ulikuwa unailipia. Kumfikia mchezaji nako ni kazi, Ilala, usiite bahati.

Kijana wa Ilala
Sawa, na wewe uliyefikia MB 19 bilioni zako ziko wapi?

Chuma cha Reli
Acheni kugombana. Ila tuwekane sawa, kibanda cha PS si biashara ya gemu. Hiyo ni kukodisha luninga.

Mama Kibanda
Wewe Chuma, kaa hapo nikusimulie hiyo luninga ya kukodisha.

2021, Igoma, Mwanza. Kibanda cha mbao, luninga mbili, PS4 mbili za mtumba, mechi mia tano, aliyefungwa analipa. Ng'ambo ya barabara jamaa akafungua cha kwake, kaniiga mpaka rangi ya pazia. Wateja wote wakahamia kwake. Nikawa nalia kwa kila mtu kuwa nimeibiwa wazo. Mwisho nikamtuma mdogo wangu akacheze kule anipelelezee. Akarudi na neno moja: "Dada, pedi za kule haziendi zenyewe." Kumbe zangu tatu kati ya nne vijiti vimechoka, mchezaji anakimbia pembeni bila kuguswa. Jamaa ana pedi za akiba kwenye droo, ana feni, na chenji haimsumbui.

Nikatengeneza pedi. Mchumba wangu akasema tuwarudishe madogo kwa mashindano. Wakajiandikisha 32, kiingilio elfu mbili, mshindi elfu arobaini na jezi. Jumamosi kibanda kimefurika, wengine wanachungulia dirishani, elfu sitini na nne zote kazishika mchumba. Nusu fainali, penalti, dogo wa Nyakato anajiandaa kupiga ya mwisho, luku ikaisha. Giza, kelele. Mchumba akasema, "Tulieni, nakwenda kununua luku."

Tukakaa saa nzima. Ikapita ya pili. Simu haipatikani. Nimesimama mlangoni, madogo wote wako nyuma yangu, mmoja akaniuliza taratibu kabisa, "Dada, ile penalti itahesabika?"

Hela sina. Nikachukua daftari la hesabu la mdogo wangu, nikaandika jina la kila dogo na mechi nne za bure anazonidai. Mechi 128. Wiki tatu wanakuja, wanacheza, natia vyema. Hata daftari lilipoisha waliendelea kuja. Ng'ambo kule leo wanauza mkaa.

Mtu Kwao
Subiri kwanza. Luku si inanunuliwa kwa simu?

Wa Githurai
Pole sana dada. Hata huku Kenya tokeni za stima twanunua kwa simu. Huyo jamaa alikuwa anaenda wapi?

Mama Kibanda
Nilikuja kulijua hilo siku ya tatu. Nikicheka nalia.

Binti Sayari
Lete mwendelezo, nimeketi.

Mzee wa Drafti
Ushauri wa bure: usifanye biashara na mchumba.

Shangazi Zai
Mimi nafanya na mume wangu mwaka wa nane huu, tuna vibanda viwili. Usifanye na rafiki.

Mzee wa Drafti
Basi nunua jenereta.

Chuma cha Reli
Jenereta itakula faida yote kwa mafuta. Weka luku ya kutosha, nunua pedi za akiba. Na Mama Kibanda, nakuomba radhi, ile ni biashara ya gemu.

Kijana wa Ilala
Penalti ilihesabika au haikuhesabika? Hilo hajajibu.

Baba Shamsa
Wakuu turudi kwenye mada. Nilitaka wanaotengeneza gemu waseme, wawili kati ya wale watatu wetu…

Binti Sayari
Baba Shamsa subiri kidogo. Mama Kibanda, alirudi?

Mama Kibanda
Penalti ilipigwa upya Jumapili, dogo akakosa. Na mchumba alirudi mwezi wa nne, kanenepa, kavaa viatu vipya. Anadai mgao. Anasema wazo la mashindano lilikuwa lake.

Mtu Kwao
Na luku alikuja nayo?