Wii kwa mkono uliopooza baada ya kiharusi: tuipangeje?

Fizio_Igoma: Wakuu, kituoni tumeletewa Wii ya mtumba kutoka Marekani, ile mashine ya gemu za kwenye TV inayochezwa kwa kutikisa rimoti. Wagonjwa wengi ni wa kiharusi cha miezi miwili mitatu: mkono unapanda hadi usawa wa kifua, vidole havijashika sawasawa. Je, gemu zinaweza kuchukua nafasi ya mazoezi ya kawaida? Na tuangalie nini?

Fundi_Kirumba: Kwanza soma maandishi ya adapta. Ya Marekani ni ya volti 120, ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 inaungua. Tafuta inayopokea 100 hadi 240 na kutoa volti 12 DC, ampea 3.7. Pia funga pazia la dirisha lililo nyuma ya TV. Rimoti inafuata mwanga wa infraredi (usioonekana kwa macho), na jua linaipoteza.

Tiba_Ilemela: Mkuu, kazi kubwa ni mkao. Kiti kisicho na magurudumu, nyayo sakafuni, kanga ipitishwe kifuani na kufungwa kwenye egemeo. Bila hiyo mgonjwa anainamia mbele na kupandisha bega. Pointi zinapanda, kiwiko hakijanyooka hata mara moja. Rimoti ifungwe kiganjani kwa bendeji inayovutika. Vidole vikivimba au kubadilika rangi, legeza.

Halafu Wii inasoma mtikisiko, kwa hiyo kukung'uta kifundo cha mkono tu kunahesabiwa kama pigo zima la tenisi. Usihesabu pointi, hesabu kiwiko kimenyooka mara ngapi. Mkono wenye bega lililolegea usipandishwe juu ya usawa wa bega, wala msiuvute. Presha ipimwe kabla. Aliyepata degedege baada ya kiharusi asikae mbele ya gemu zenye mwanga wa kumwekamweka.

Kuhusu kuchukua nafasi ya mazoezi: hapana. Utafiti wa EVREST wa 2016 ulilinganisha Wii na karata, bingo na michezo kama hiyo kwa wagonjwa 141, vipindi 10 vya saa moja ndani ya wiki mbili. Pande zote mbili walipata nafuu, Wii haikushinda. Itumieni kuongeza dakika baada ya mazoezi, maana kinachojenga mkono ni wingi wa marudio.

Fizio_Igoma: Na vidole?

Tiba_Ilemela: Hapo Wii haisaidii sana, rimoti imeshafungwa. Wape bao: kuchota kete na kuziachia mojamoja shimoni ndiyo kazi ya vidole yenyewe. Anayeshindwa kuchota aanze na vifuniko vya chupa za soda.