Tupeane uzoefu: vigari vya kukusanya (Hot Wheels, Matchbox, Majorette, Tomica) bei zimepaa, mnanunua wapi?

Wakuu, habari za majukumu.

Uzi huu ni wetu tunaokusanya vigari vidogo vya chuma, vile vya kipimo cha 1:64 vinavyoenea kiganjani. Nimeona kila anayekusanya analalamika peke yake, kwa hiyo nikaona tukutane hapa kila mtu aseme ananunua wapi na kwa shilingi ngapi.

Nianze na Dar. Kabla ya Korona Hot Wheels ya kawaida nilikuwa naipata supamaketi kwa 5,000. Leo rafu ile ile inasoma 9,000, kwenye maduka ya midoli ya ndani ya mall ni 15,000. Ninavyoona mimi, chanzo kikubwa ni dola. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kama 2,300, katikati ya 2024 ikagusa karibu 2,700, waagizaji wakapandisha. Shilingi ilipojikaza mwishoni mwa mwaka ule bei ya rafuni haikushuka hata mia. Hapo weka ushuru wa forodha, VAT ya 18%, na faida ya kila mkono unaopitia mzigo hadi ukufikie. Na huko unakotoka nako hakujatulia: Mei 2025 Mattel, ambao ndio wenye Hot Wheels na Matchbox, walisema watapandisha bei za baadhi ya bidhaa zao Marekani kwa sababu ya ushuru mpya wa huko.

Kinachoniuma ni kwamba hiki ni kitu kilichobuniwa mtoto akinunue kwa hela yake ya mfukoni. Hot Wheels ilipotoka 1968 ilikuwa chini ya dola moja, na kwa miongo mingi Wamarekani wameendelea kuipata kwa karibu dola hiyo hiyo. Kwetu, mtoto wa Mbagala akitaka kigari kimoja cha kweli inabidi baba apige hesabu ya unga kwanza.

Halafu kuna walanguzi. Katoni kubwa la Hot Wheels za kawaida lina vigari 72. Humo ndani, mara moja moja, kunakuwa na ile inayoitwa Super Treasure Hunt: tairi za mpira badala ya plastiki, rangi inayong'aa kama pipi, na kwenye kadi ya kifungashio, nyuma ya gari, duara la rangi ya dhahabu lenye mwali wa moto. Si kila katoni linayo. Mlanguzi anajuana na anayepokea mzigo, anachomoa hiyo pamoja na Skyline na Porsche zote, sisi tunabakiziwa magari yenye umbo la papa na dinosaria. Jioni unaiona mtandaoni kwa 120,000.

Mimi dawa yangu ni vijana wa kupanga rafu. Nawasalimia, nawaheshimu, wananiambia mzigo unapangwa siku gani, nafika asubuhi. Haya, karibuni.

Mkusanyaji wa Safari (Nairobi)

Asante kwa uzi, mkuu. Mimi nakusanya magari ya Safari Rally peke yake, kwa hivyo sinunui kila kitu kinachoning'inia. Natafuta Datsun 240Z, ile iliyoshinda 1971, kisha ikashinda tena 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Natafuta Subaru Impreza, kwa sababu ya ushindi wa Colin McRae 1997. Natafuta Toyota Celica kwa sababu ya Ian Duncan, kijana wa hapa hapa, aliyeshinda 1994. Hot Wheels wametoa 240Z na Impreza kwa matoleo kadhaa, na kila zikifika Nairobi zinaisha kabla ya weekend.

Kuhusu dola, yetu ilikuwa mbaya zaidi. Januari 2024 ilikuwa karibu shilingi 160. Kigari cha 300 kikawa 500. Miezi michache baadaye dola ikarudi 130 na ikakaa hapo. Nilimwendea muuzaji nikamwonyesha kiwango cha siku hiyo kwenye simu. Akaniambia stock yake ilinunuliwa kwa dola ya zamani, nikamwelewa. Lakini stock mpya ilipoingia, stika ilikuwa ile ile ya 500, imebandikwa juu ya stika ya zamani, na ukiikwangua na kucha unaona 300 chini yake.

Tangu hapo tumeungana watu watano. Tunaagiza pamoja, tunagawana kulingana na anachopenda kila mtu, gharama ya kusafirisha tunagawa kwa kichwa. Jambo moja ambalo watu hawalipigii hesabu: kigari na kadi yake ni kama gramu 50, kwa hivyo kilo moja ni karibu vigari 20. Lakini mawakala wengine wa ndege hawatozi uzito, wanapima ukubwa wa boksi, na zile kadi za Hot Wheels zinakula nafasi mbaya sana. Tomica inakuja ndani ya kiboksi kidogo kinacholingana na gari lenyewe. Ukiagiza Tomica 20 na Hot Wheels 20, mzigo wa Tomica ni mdogo sana. Bei ya dukani Japani iko juu kidogo kuliko Hot Wheels, lakini ikishafika Nairobi tofauti inakaribia kuisha, na Tomica nyingi milango inafunguka.

Wa Kongowea (Mombasa)

Ndugu zangu, nyote mwatazama madukani. Mimi sijaingia duka la midoli miaka sasa. Kwangu ni mitumba.

Kuna mabalo ya midoli yaja kutoka Uingereza na Canada. Balo likifunguliwa, wanasesere na vitu vikubwa vyauzwa kimoja kimoja, vile vidogo vyamwagwa chini kwa mafungu. Vigari viko humo, vimechanganyika na vipande vya Lego na miguu ya roboti. Bei ni 30, 50, mia ukionyesha tamaa, kwa hivyo usioneshe tamaa.

Siku moja niliokota kilori kimoja, rangi ya kijani imekwanguka kwenye pembe zote, kwenye paa yaonekana chuma cheupe. Magurudumu membamba, meusi, ya plastiki. Nikakigeuza. Chini maandishi madogo kabisa: Matchbox, halafu Made in England by Lesney. Waliokuwa hawajui, Lesney ndiyo kampuni ya London iliyoanzisha Matchbox mwaka 1953, na ilifilisika 1982. Baada ya hapo vigari vikaanza kutengenezwa Asia. Kwa hivyo ukiona jina hilo chini ya kigari, washika kitu cha zaidi ya miaka 40. Na magurudumu yale membamba yakwambia ni cha zamani zaidi, maana kuanzia 1969 walianza kuyabadilisha kuwa ya kasi ili washindane na Hot Wheels. Nilikilipia shilingi 50.

Nawaomba kitu kimoja, wallahi: mkikipata cha namna hiyo msikipake rangi. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, mswaki laini, basi. Nimeona watu waua vigari vizuri kwa rangi ya kucha.

Mgeni wa jukwaa (Morogoro)

Mkuu wa Kongowea, huku kwetu mabalo hayo yanapatikana? Na wanafungua siku gani?

Wa Kongowea (Mombasa)

Siku haina kanuni, yategemea meli na mfuko wa muuzaji. Mtafute muuzaji mmoja umzoee, umwachie namba yako. Mwambie wataka vya chuma tu. Atakuwekea kwenye mfuko, wewe waja wachagua.

Niko Maskati

Assalaam alaykum. Mimi Mzanzibari, nipo Oman kikazi. Huku Hot Wheels ya kawaida kwenye haipamaketi haijafika riali moja, na mara nyingi kuna ofa ya kufunga tano pamoja. Kila nikirudi nyumbani wapwa zangu wameshaniandikia orodha kwenye WhatsApp, na mimi naifuata mstari kwa mstari.

Nitoe nasaha kwa wanaowatuma ndugu zao. Vigari vichache ndani ya begi ni zawadi. Ukibeba katoni zima hiyo ni biashara, afisa wa forodha akikuuliza ana haki yake, lipa. Kuna kijana namjua alibishana uwanjani hadi mzigo ukazuiwa, na alichokuwa anadaiwa hakikuwa kikubwa. Na kadi zisijipinde: mimi nazitia katikati ya kanzu zilizokunjwa, zinafika zimenyooka.

Mama K (Arusha)

Hamjambo kaka zangu. Mie mwenyewe sikusanyi, anayekusanya ni mwanangu wa darasa la sita, ila mfuko ni wangu kwa hiyo uzi unanihusu.

Kuna muuzaji mmoja wa mtandaoni alimtumia mtoto picha za vigari vizuri kabisa, tukalipa, zikaja feki. Mtoto alijua kabla hata hajafungua. Alinionyesha: maandishi ya kadi yamefifia kama yametolewa fotokopi, kigari chepesi, chini ni plastiki tupu haina jina la mtengenezaji wala nchi. Ukikisukuma mezani kinaenda upande. Zile halisi mpya nyingi zimeandikwa Malaysia au Thailand, na chini kuna herufi moja na namba mbili zilizopigwa muhuri. Herufi ni mwaka, namba ni wiki kilipotengenezwa. Hayo yote nimefundishwa na mtoto. Tangu siku ile nadai video, kigari kigeuzwe nione chini, na nalipa nikishakishika mkononi. Muuzaji anayekataa video namuaga.

Na nimemhamishia Majorette. Ni Wafaransa asili yao, nyingi zinatengenezwa Thailand, milango inafunguka na ukikibonyeza kinanesa kama gari lenye springi. Hapa mjini nazipata kwa bei ile ile ya Hot Wheels au pungufu, na walanguzi hawazigombei.

Dada yake yeye yuko kwenye Labubu, vile vidoli vya manyoya vya kuning'iniza kwenye mkoba. Huko jamani ni kwingine. Pop Mart wanaotengeneza sina ninapojua wana duka hapa kwetu, kwa hiyo karibu kila ninachokiona kimening'inia kwenye mikoba mjini ni feki, na bado wanataka 40,000. Juni 2025 Labubu moja kubwa ya kimo cha mtu iliuzwa kwa mnada Beijing kwa zaidi ya yuani milioni moja, basi kila muuzaji anaisimulia hiyo ili akupandishie bei. Hawasimulii kwamba mwezi ule ule Pop Mart walimwaga mzigo mpya na bei za walanguzi wa China zikaporomoka. Nimemwambia binti asubiri.

Swali langu: mtoto anatafuta Land Cruiser 80 ya Hot Wheels, mwaka mzima hatujaiona Arusha. Kuna mwenye nayo kwa bei ya kibinadamu?

Mdau wa Minnesota

Huku bei ya kawaida bado ni dola na senti, lakini kuipata ni kazi. Watu wazima wanasubiri mlango wa duka ufunguliwe asubuhi, wanakimbilia rafu. Mimi naenda maduka ya vifaa vya shamba na maduka ya dawa, sehemu ambazo mlanguzi hafikirii. Nakusanya polepole, halafu natia kwenye boksi la nguo linalokuja kwa meli. Inachukua miezi, lakini usafiri wa kigari kimoja unakuwa karibu bure.

Mkiwatuma ndugu zenu wa huku, waombeni hizi za kawaida. Msiwaagize zile za Red Line Club. Zile zinauzwa mtandaoni kwa wanachama, nyingine zinaisha ndani ya dakika, na ndugu yako ataishia kununua kwa mlanguzi ili asikuangushe.

Mwanzisha uzi (Dar)

Nimejifunza mengi, hasa hilo la ukubwa wa boksi. Nilikuwa nashangaa kwa nini wakala wangu ananitoza kilo mbili kwa mzigo ambao kwenye mizani ya jikoni ni kilo moja na robo.

Mdau wa Kongowea, hicho kilori tunaomba picha, ya juu na ya chini.

Mkusanyaji wa Safari (Nairobi)

Mama K, Land Cruiser 80 ninayo. Ilikuja kwenye mgao wetu na hakuna aliyeitaka kwa sababu haikukimbia Safari. Iko kwenye kadi, pembe moja imejikunja kidogo. Sisi ilitusimamia 380 ya Kenya pamoja na usafiri, na hiyo ndiyo bei. Nauli ya kifurushi kwenye basi la Arusha utalipia wewe. Nakutumia video inbox leo jioni, nitaigeuza mtoto aone chini.