Menyu ya BBS inapanda juu yenyewe, mstari wa kwanza hauonekani

Wakuu habari, naingia BBS moja ya zamani (ubao wa meseji na mafaili wa kompyuta) kwa telneti (njia ya kuunganisha kompyuta kwa maandishi) natumia programu ya PuTTY, sasa menyu ikija mstari wa juu unapotea, fremu zinatoka herufi za ajabu ajabu, halafu meseji ndefu zinakimbia mpaka mwisho sisomi kitu. Shida nini?

— Mkuu dirisha lako lina mistari 24, PuTTY ndo inavyokuja. Skrini hizo nyingi zilichorwa enzi za DOS (mfumo wa zamani wa kompyuta), herufi 80 kwa mistari 25, kwa hiyo wa 25 ukiingia wa kwanza lazima usukumwe nje. Kwenye mipangilio ya PuTTY nenda Window weka mistari 25. Fremu ni hapo hapo kwenye Translation, chagua CP437 (seti ya herufi za DOS), UTF-8 (seti ya kisasa) haiwezi kuzisoma hizo.

— Aongeze na kwenye akaunti yake ya BBS, urefu wa skrini uwe sawa na dirisha na awashe kusimama kila ukurasa, watu wengi wanasahau hapo wanabaki kulaumu programu.

— Asanteni imekubali! Ila kuna faili moja mistari inashuka kama ngazi kuelekea kulia??

— Hiyo imeandikwa kwa mfumo wa Unix, ina LF (alama ya kushuka mstari) bila CR (alama ya kurudi mwanzo wa mstari). Kwenye mipangilio nenda Terminal, tiki "Implicit CR in every LF". Ukimaliza kusoma faili toa hiyo tiki.