Tupeane uzoefu: mwalimu wa sayansi wa sekondari usiyemsahau

Wakuu salaam. Juzi nimepigiwa simu kwamba mwalimu wetu wa kemia ametutoka, alikuwa bado anafundisha, na tangu hapo sijatulia, kila nikishika kitu namuona kasimama nyuma yangu na lile koti lake la maabara lenye tundu la asidi kwenye mkono wa kulia. Naomba tukumbushane walimu wetu wa sayansi, nianze na wangu.

Siku moja ilikuwa titresheni, lile jaribio la kupima ni kiasi gani cha besi kinatosha kuimaliza asidi. Bureti, lile bomba la kioo lenye vipimo, ina sodiamu haidroksaidi ambayo ndiyo besi, chini kwenye flaski kuna asidi na matone mawili ya fenolfthalini ya kuonyesha rangi, unaachia tone moja moja huku unatikisa hadi ile isiyo na rangi igeuke pinki ya mbali. Raundi ya kwanza nikapata mililita 24.6, ya pili nikapitiliza flaski ikakolea pinki kabisa, muda nao umeisha, basi nikaandika 24.6 mara tatu nikapeleka daftari. Hakunigombeza. Alisubiri wenzangu watoke, akavuta stuli, akaifanya mwenyewe mbele yangu, akainama mpaka jicho likawa sawa na kimiminika, akasoma pale chini kabisa kinapobonyea, 24.4. Akarudia, 24.7. Akaziandika zote mbili kwenye daftari langu kwa kalamu yake akaniuliza, "Mimi nimeifanya kazi hii miaka yote na sijapata sawa, wewe mwanangu umepataje?" Nililia jamani.

Halafu akanipeleka kwenye jedwali la elementi pale ukutani, akanieleza Mendeleev alivyolipanga 1869, kwamba palipokosekana elementi ya kukaa hakulazimisha, aliacha nafasi wazi na akataja itakayokuja hapo itakuwa na sifa gani. Galiamu ikapatikana 1875, jemaniamu 1886, kila moja ikaenda kukaa kwenye nafasi yake. "Usichokiona kiachie nafasi," ndivyo alivyoniambia. Leo nakagua hesabu za watu, na namba ikigoma kulingana naiacha wazi naanza kuitafuta, siwezi kuipika hata nikibanwa vipi.

*

Pole sana mkuu, Mungu amlaze pema. Wangu alikuwa mama, wa fizikia, na mimi nilikuwa msichana peke yangu darasa lile, stopuwochi alikuwa ananikabidhi mimi kwanza kabla ya mtu yeyote. Siku ya pendulamu, jiwe linalobembea kwenye uzi, tulipima kwenda na kurudi mara moja tu, kila mtu akaja na jibu lake. Akasema hesabuni ishirini ndio mgawanye, maana kidole kikichelewa kubonyeza, lile kosa nalo linagawanywa kwa ishirini. Uzi wa karibu mita moja ukatupa sekunde 2. Sasa akafunga jiwe zito zaidi, na kabla hajaliachia akataka kila mmoja aandike anavyodhani itakuwa, darasa zima tukaandika itakwenda haraka zaidi. Ikatoka 2 ile ile. Hakutuambia kwa nini, alituacha tukalale nalo, na mimi usiku ule sikulala kwa kweli. Sasa hivi ni mwalimu wa fizikia, na jiwe zito ninalo kwenye droo.

*

Mimi wangu alitufundisha mwaka mmoja tu akahamishwa. Biolojia. Alikuwa anasema chora kilichopo kwenye hadubini, kilichopo kitabuni kimeshachorwa. Ile ngozi ya kitunguu yangu ilikuwa imejikunja na ina kapovu ka hewa katikati, nikakachora hako kapovu na mistari yake mieusi, huku naogopa. Akanipa alama zote, na pembeni kwa kalamu nyekundu, "povu la hewa, umeona vizuri". Daftari lile ninalo mpaka leo.

*

Mtoa mada pole. Naomba kuuliza, huyo mwalimu wako aliwahi kuwaeleza kwa nini ile pinki ukiiacha inapotea? Sisi tulimwaga tu tukaosha vyombo.

*

Asante ndugu zangu, nimewasoma wote. Ndugu uliyeuliza, hilo ndilo lilikuwa swali lake alilolipenda kuliko yote. Kabonidayoksaidi ya hewani inaingia humo polepole, inaila ile besi kidogo iliyozidi, rangi inarudi kupotea. Ila hakuwa analisema, kila tukimaliza titresheni alikuwa anachukua flaski moja yenye pinki anaiweka dirishani wazi, hasemi kitu, anangoja nani ataijia na swali. Kuna miaka alingoja wiki nzima. Jana nimeongea na mwanae, walikwenda maabara kuchukua vitu vyake, akaniuliza ile flaski ya maji iliyoko dirishani ni ya nini, waimwage au vipi. Nimemwambia aiache, naenda kesho.