Kikundi cha ukoo: kiti cha Mama Faki kwenye BOM (bodi ya usimamizi ya shule ya sekondari)

Mama Faki: Asalaam aleikum jamaa zangu. Shikamoo Ami, shikamoo Shangazi. Mkutano wa wazazi ni wiki ijayo na nimeandika karatasi ya kuwagawia. Naomba muipitie kabla haijaenda kuchapishwa.
1. Walimu wa hisabati na sayansi wa kutosha
2. Karo ipunguzwe
3. Chakula cha mchana kwa kila mtoto
4. Vyoo vya wasichana
5. Basari (msaada wa karo) kwa mayatima
6. Maabara
7. Hesabu za shule ziwe wazi
Mwaka huu BOM, na 2027 inshallah niombe kura za uwakilishi wadi hapa Kisauni, Mombasa.

Ami: Marahaba mwanangu. Nimesoma. Mambo saba, na manne kati yake si kazi ya bodi. Mzazi anayejua ataliona hilo papo hapo. Asiyejua atakupa kura, kisha mwakani akuulize walimu wako wapi.

Kaka Omari: La kwanza ndilo baya zaidi. Mwalimu wa serikali huajiriwa na TSC, tume ya walimu, na hilo limo kwenye katiba, kifungu 237. Bodi inaweza tu kuonyesha upungufu na kuuandikia barua. Wale walimu wa BOM mnaowasikia hulipwa na shule yenyewe, na pesa zikikawia hao ndio wa kwanza kukosa mshahara. Kuahidi walimu ni sawa na kuahidi pesa ambazo hujui zatoka wapi.

Mama Faki: Na karo? Hiyo wazazi wote wanalia nayo.

Kaka Omari: Shule yenu ni ya kutwa. Ada ya masomo tayari inalipwa na serikali, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, imekataza shule ya umma kumtoza mwanafunzi ada hiyo. Wanacholia nacho wazazi ni michango: chakula, masomo ya ziada, mradi huu na ule. Mchango wowote unahitaji idhini ya waziri kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na mtoto hawezi kufukuzwa kwa kutoulipa. Basi usiandike "karo ipunguzwe". Andika "hakuna mchango bila barua ya idhini, na barua ibandikwe ubaoni". Hilo unaliweza siku ya kwanza.

Shangazi: Hapo umesema. Watoto wanarudishwa nyumbani Jumatatu kwa shilingi mia tatu na hakuna anayeuliza karatasi.

Binti Riziki: Ami, kwanza mweleze njia ya kufika huko. Mimi nadhani Mama Faki hajajua anagombea kiti gani hasa.

Ami: Ni kweli. Mama Faki, kuna milango miwili. Wa kwanza ni chama cha wazazi. Kila darasa linachagua mwakilishi wake, wawakilishi wanachagua mwenyekiti wao, na huyo mwenyekiti pamoja na wenzake wawili wanaingizwa kwenye bodi. Mlango wa pili ni zile nafasi sita za wazazi zilizotajwa moja kwa moja kwenye kifungu cha 56 cha sheria hiyo ya elimu. Wengine wa bodi ni mmoja aliyeteuliwa na bodi ya elimu ya kaunti, mmoja wa walimu, watatu wa mfadhili wa shule, mmoja wa makundi maalumu, mmoja wa watu wenye mahitaji maalumu, na mwakilishi wa wanafunzi. Mwalimu mkuu ndiye katibu.

Barua ya uteuzi hutoka kaunti. Kura za wazazi pekee hazikufanyi mwanachama. Mara nyingi watu hushinda mkutanoni, wakarudi nyumbani wakashangilia, halafu majina yakakaa ofisini miezi kwa sababu kumbukumbu za mkutano hazikutiwa sahihi au orodha ya waliohudhuria haikuambatanishwa. Siku hiyo usiondoke kabla hujaona sahihi ya mwenyekiti wa mkutano na orodha yenye majina na nambari za vitambulisho.

Mama Faki: Nachukua nafasi ipi?

Ami: Uwakilishi wa darasa la Faki. Ndiko unakojulikana. Kipindi cha bodi ni miaka mitatu, na unaweza kurudi mara moja tu. Ukikosa mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa ya mwenyekiti, kiti chako kimekwenda.

Kaka Omari: Na ukiingia, omba kamati ya fedha na ununuzi. Wengi hukimbilia ya nidhamu kwa sababu ina maneno mengi na watu wanakuona. Pesa zinaamuliwa kwingine.

Binti Riziki: Nimeketi na hesabu sasa, naandika polepole. Chukulieni shule ya wanafunzi 400. Mgao wa serikali kwa sekondari ya kutwa umeandikwa KSh 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Unagawanywa asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili, 20 wa tatu. Kwa hiyo KSh 11,122, kisha kama 6,673, kisha kama 4,449. Kwa watoto 400 ni KSh 8,897,600 kwa mwaka mzima.

Lakini Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba pesa zilizopo zinatosha KSh 16,900 kwa mwanafunzi. Kwa watoto 400 hiyo ni 6,760,000. Pengo ni KSh 2,137,600. Tena si kila shilingi inafika akaunti ya shule, kwa sababu vitabu vya kiada vinanunuliwa na wizara yenyewe. Ukiona bajeti ya shule imepangwa kwa 22,244 kamili, hapo ndipo deni la mwenye duka la mahindi linapoanzia.

Shangazi: Milioni mbili! Na wazazi wanaambiwa mwalimu mkuu amekula.

Binti Riziki: Pengine amekula, pengine hazikuja. Ndiyo maana nambari 7 ya Mama Faki ni nzuri, ila imeandikwa kwa ujumla mno. "Hesabu ziwe wazi" kila mtu anasema. Andika hivi: kila muhula, karatasi moja ubaoni yenye mistari minne. Zilizotarajiwa, zilizopokelewa na tarehe yake, zilizotumika, na madeni, kila deni na kazi yake. Mistari minne hiyo mzazi aliyeishia darasa la tano anaisoma.

Binti Riziki: Jambo jingine la mgao: pesa hufuata mtoto aliyesajiliwa kwenye mfumo wa wizara. Asiye na cheti cha kuzaliwa husumbuka kusajiliwa, na asiyesajiliwa haletewi kitu. 2025 wizara iliagiza idadi ya wanafunzi ihakikiwe kabla pesa hazijatumwa. Watoto 15 wasiosajiliwa kwa mgao wa 16,900 ni KSh 253,500 kwa mwaka. Hiyo ni kazi ya mwakilishi wa darasa hasa: orodha ya wasio na cheti, aende na wazazi wao mpaka ofisi ya usajili.

Mama Faki: Darasani kwa Faki nawajua wanne tayari. Hilo naliweka juu.

Ami: Liweke. Hakuna mpinzani wako atakayelifikiria.

Shangazi: Sasa chakula. Hapo msinipite, maana mnaahidi chakula na hamjui sufuria.

Kiwango kinachotumika kwa watoto wa msingi ni gramu 150 za mahindi, 40 za maharagwe na 5 za mafuta kwa mtoto kwa siku. Vijana wa sekondari hawashibi hapo. Weka 200 za mahindi na 60 za maharagwe. Kwa 400, kila siku ni kilo 80 za mahindi, kilo 24 za maharagwe, kilo 2 za mafuta. Muhula wa siku 65: mahindi kilo 5,200, yaani magunia 58 ya kilo 90. Maharagwe kilo 1,560, magunia 17 na theluthi. Mafuta kilo 130.

Chukua bei ya siku hiyo pale soko la Kongowea, ongeza usafiri, kuni au gesi, chumvi, na wapishi. Gawanya kwa watoto. Hapo ndipo unapata mchango wa haki, wala usianze na mchango ukarudi nyuma kutafuta chakula.

Binti Riziki: Gawanya kwa wangapi, Shangazi?

Shangazi: Ndilo kosa lenyewe! Wanagawanya kwa 400, wanalipa 320. Jikoni hawezi kufukuzwa mtoto mbele ya wenzake, basi wote wanakula, na chakula cha siku 65 kinakwisha siku ya 52. Wiki mbili na nusu za mwisho, wakati wa mitihani, hakuna kitu. Halafu aliyelipa anauliza kwa nini alipe tena.

Kaka Omari: Ukigawanya kwa 320, mchango unapanda robo nzima. Wazazi watakataa.

Shangazi: Wasiolipa si wabishi wote. Wengine hawana pesa mkononi lakini wana mahindi, wana nazi, wana kuni, wana mikono. Bodi ikubali malipo kwa mahindi, kwa uzani. Nasema uzani, si debe. Debe likijazwa kwa kutikiswa na lisipotikiswa ni vitu viwili. Shule inunue mizani.

Na mahindi yapimwe unyevu kabla hayajaingia ghala. Kikomo ni asilimia 13.5. Yakizidi yanaota ukungu, na ile sumu yake haiondoki kwa kupika. Kama kipimo hakipo, chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi theluthi moja, vijiko vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa vizuri dakika chache, iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15, rudisha gunia kwa mwenyewe. Isipoganda, bado yaanike siku mbili juu ya turubai, kwa sababu chupa haikuambii kama uko 14 au 13. Na gunia lisiguse sakafu wala ukuta. Weka mbao chini. Hewa yetu ya pwani ina maji, mahindi makavu ya Machi yanaweza kuwa mabichi Mei.

Mama Faki: Shangazi, haya naomba niyaandike neno kwa neno.

Shangazi: Yaandike mwanangu. Na uniite siku ya kupokea gunia la kwanza.

Ami: Vyoo. Pima kabla ya kuahidi. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 25, na moja kwa wavulana 30. Kama wasichana ni 190 mnahitaji matundu 8. Wavulana 210, matundu 7. Nenda uhesabu yale yanayofunguka na kufungika, usihesabu milango. Choo kisicho na komeo ndani, msichana haendi, huyo anakaa na mkojo hadi saa tisa. Komeo na bawaba ni pesa ndogo, bodi inaziweza kutoka fungu la matengenezo muhula huu huu. Matundu mapya ni mradi, na huo unaombewa NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge.

Kaka Omari: Maombi ya NG-CDF yanarudishwa kwa mambo yaleyale: hakuna kumbukumbu za bodi zinazoonyesha mradi ulipitishwa, makadirio ya gharama yameandikwa na fundi badala ya afisa wa kazi za umma, au hati ya ardhi ya shule haieleweki ni ya nani. Hilo la ardhi hapa kwetu ni zito. Ulizeni hati iko wapi kabla ya kuzungumza maabara. Maabara itoe kwenye karatasi kwa sasa, ingawa wanafunzi wa gredi ya 10 wa mkondo wa sayansi wanaihitaji kweli. Ifufue mwaka wa pili, karatasi zikiwa tayari.

Mama Faki: Na basari?

Kaka Omari: Basari haigawiwi na bodi. Ila mwalimu mkuu hutia sahihi na muhuri fomu, na fomu nyingi hukataliwa kwa kukosa nambari ya usajili, barua ya chifu au cheti cha kifo cha mzazi. Ahidi meza ya kusaidia kujaza fomu, Jumamosi moja kila muhula.

Binti Riziki: Hiyo inaingia pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Meza moja, siku moja.

Ami: Sasa 2027. Uchaguzi ni Agosti 10. Mwakilishi wadi hana mamlaka juu ya sekondari. Katiba imeipa kaunti chekechea, vyuo vya ufundi vya vijiji na malezi ya watoto wadogo. Ukisimama jukwaani ukasema utajenga maabara ukiwa mwakilishi wadi, utakuwa umewadanganya. Simama na yale ya kaunti: madarasa ya chekechea, walimu wake, maziwa ya watoto, chuo cha ufundi chenye mashine zinazofanya kazi. Huku kwenye bodi utakuwa umeonyesha kwamba unajua kusimamia pesa za watu.

Kaka Omari: Ada ya IEBC, tume ya uchaguzi, kwa kiti hicho ilikuwa KSh 5,000, na wanawake nusu, 2,500. Ukienda huru bila chama unahitaji wapiga kura 500 wa wadi waliosajiliwa wakuunge mkono, na uwe umetoka chamani angalau miezi mitatu kabla ya siku ya kura. Kama una kadi ya chama, hakikisha jina limefutwa kwa msajili wa vyama. Wapo wanaosajiliwa bila kujua.

Shangazi: Na shule isiwe uwanja wako wa kampeni. Picha yako isibandikwe kwenye sufuria ya watoto. Wala usiuze chochote shuleni, hata mkaa, wewe wala mumeo wala sisi. Omari, hata lori lako.

Kaka Omari: Nimekubali, Shangazi. Lori halitaingia.

Mama Faki: Nimeandika upya. Someni.

"Mimi ni mzazi, naomba kuwakilisha darasa letu. Nitafanya haya:
Michango: hakuna mchango bila barua ya idhini, nayo itabandikwa ubaoni.
Hesabu: mistari minne kila muhula. Zilizotarajiwa, zilizokuja, zilizotumika, madeni.
Chakula: mahindi yatapimwa kwa mizani na kwa unyevu. Asiye na pesa ataleta mahindi.
Vyoo: makomeo na bawaba muhula huu. Matundu mapya tutayaombea pamoja, na mtaiona barua.
Meza ya Jumamosi: vyeti vya kuzaliwa na fomu za basari."

Ami: Hii ndiyo. Ichapishwe kwa herufi kubwa, wazee wengi hawana miwani.

Binti Riziki: Ongeza tarehe ya Jumamosi ya kwanza. Bila tarehe hawatakuja.

Mama Faki: Naongeza. Kesho asubuhi naenda kuhesabu vyoo. Shangazi, chupa ya kioo unayo?

Shangazi: Ninayo mbili. Pita uchukue, na uje na chumvi iliyokaushwa kikaangoni, ile ya pakiti ikikaa wazi inavuta maji.