Mazoezi yanavurugika nikifika steshenari

Mwl. wa Jiografia, Tukuyu: Walimu wenzangu, poleni na baridi. Naandaa mazoezi kwenye simu, mchoro wa Ziwa Ngozi na maswali pembeni. Yakifunguliwa kwenye kompyuta ya steshenari, maswali yanarukia ukurasa wa pili. Kijana wa pale ananitoza hela ya kupanga upya! Nifanyeje?

Makambako: Shikamoo mwalimu. Usimpelekee faili la Word, lihifadhi kwanza kama PDF. Fonti na mpangilio vinabaki ulivyoviacha.

Mama Mufindi: Na rangi achana nazo. Fotokopi inageuza ziwa na msitu kuwa kijivu kimoja, mtoto atajibu nini? Ziwa lichore vistari, msitu nukta.

Mwl. wa Jiografia, Tukuyu: Marahaba. PDF imekubali, vistari nitajaribu. Ila kijana wa steshenari kaninunia.