Hotdogi za chili na jibini kwa watu ishirini, Mtwara mjini: naomba ushauri wa rojo, jibini na mkate

MamaWaShangani aliandika:

Asalaam aleikum, na habari za jioni kwenu nyote. Wapwa zangu wanakuja likizo kutoka Dar es Salaam, nao wameniomba niwapikie zile hotdogi za Kimarekani ambazo soseji hulazwa ndani ya mkate mrefu, ikamwagiwa rojo zito la nyama ya kusaga linaloitwa chili, kisha ikafunikwa kwa jibini na kitunguu kibichi. Pamoja na watoto wa majirani, walaji hawatapungua ishirini, na tutakula uani, kwenye joto hili mnalolijua. Nina jiko la gesi la plati mbili, jiko la mkaa na friji yenye friza ndogo, oveni sina.

Mapishi niliyoyasoma yananitatiza kwa mambo matatu. La kwanza ni pilipili, kwa sababu mengi yanaagiza vijiko viwili au vitatu vya chakula vya unga wa pilipili kwa nusu kilo ya nyama, na kwa pilipili zetu sidhani kama kuna mtoto atakayemeza tonge la pili. La pili ni jibini: cheddar haipatikani hapa mjini kila siku, na ningependa kujua kama mozzarella inaweza kushika nafasi yake. La tatu ni mkate mrefu, ambao sijauona madukani, kwa hiyo huenda ikanibidi niuoke mwenyewe. Soseji nimekwisha kuziagiza, ni za ng'ombe na zina nembo ya halali.

MpishiMikindani alijibu:

Wa aleikumu salaam, mama. Nianze na pilipili, maana hapo ndipo watu wengi hupotezea sahani nzima. Unga unaotajwa katika mapishi ya Marekani si pilipili tupu. Ni mchanganyiko wa kiwandani ambao sehemu yake kubwa ni pilipili kavu zisizo kali sana, ukaongezwa bizari nyembamba, oregano na unga wa kitunguu saumu. Ukipima kiasi kile kile kwa pilipili kichaa iliyosagwa, utakuwa umepika dawa ya kufukuzia tembo shambani.

Kwa kilo moja ya nyama ya kusaga, ambayo itawatosha watu wako, changanya mwenyewe vijiko vitatu vya chakula vya paprika (unga wa pilipili nyekundu isiyo kali), kimoja na nusu cha bizari nyembamba uliyoikaanga kavu na kuisaga siku hiyo hiyo, kijiko kimoja cha chai cha mdalasini wa unga, robo kijiko cha chai cha karafuu ya unga, nusu kijiko cha chai cha pilipili manga na nusu kingine cha pilipili kali. Oregano ikipatikana, weka kijiko cha chai, isipopatikana, usiihangaikie. Mdalasini na karafuu visikushangaze. Maduka yaliyoueneza mlo huu huko Detroit na Cincinnati mwanzoni mwa karne ya 20 yalifunguliwa na wahamiaji kutoka Ugiriki na Makedonia, nao walihama na mkono wao wa viungo. Detroit, ambako duka la American Coney Island lipo tangu 1917, hotdogi kwa kawaida huishia kwenye rojo, haradali na kitunguu. Ni Cincinnati, ambako ndugu wawili wa ukoo wa Kiradjieff walianza kuuza chili mwaka 1922, ndiko soseji hufunikwa kwa lundo la cheddar iliyokwanguliwa nyembamba sana. Kwa hiyo wanachokitaka wapwa zako kinaelekea zaidi Cincinnati, na mimi ningefuata njia ya huko hata katika kuipika nyama.

Njia yenyewe ni hii. Nyama usiikaange. Iweke mbichi katika sufuria pana, mimina lita moja ya maji baridi, uivuruge kwa mkono mpaka itawanyike kabisa majini, ndipo uwashe moto. Nyama iliyoanzia kwenye maji baridi hubaki chenga ndogo zinazotulia juu ya soseji, ilhali iliyoanzia kwenye mafuta ya moto hushikana madonge ambayo huporomoka kwenye nguo mara mtoto anapouma. Ikichemka, engua povu, kisha tia vitunguu maji viwili vilivyokatwa vidogo sana, punje sita za kitunguu saumu, vijiko vinne vya chakula vya nyanya ya kopo, viungo vyote, kijiko cha chakula cha siki, na chumvi kidogo kwanza, kwa kuwa soseji na jibini vina chumvi yake. Punguza moto uache ichemke taratibu kwa saa mbili hivi, sufuria ikiwa nusu wazi, ukikoroga mara kwa mara hasa mwishoni, kwa sababu rojo likikaribia kuiva hushika chini. Nyanya mbichi za sokoni sikushauri, mama, ingawa ni nzuri na bei yake ni nafuu, kwa sababu maji yake yatakuongezea muda mrefu jikoni.

Lenye umuhimu kuliko viungo vyote ni ukavu. Rojo la kulia wali huruhusiwa kuwa na mchuzi, lakini hili linakwenda juu ya mkate, na mchuzi wowote utakaobaki utashuka chini na kuulowesha kabla sahani haijafika mezani. Buruza mwiko katikati ya sufuria hadi chini: njia ikijifunga papo hapo, bado, ikibaki wazi kidogo ndipo ijifunge polepole, epua.

KijanaWaLigula alijibu:

Ahsante kwa maelezo, kaka. Je, mama hawezi kuongeza maharage ili nusu kilo ya nyama iwatoshe watu wote ishirini? Nimeona chili nyingi za Marekani zikiwa na maharage.

MpishiMikindani alijibu:

Ndugu yangu, chili ya kuliwa kwa bakuli na kijiko huweza kuwa na maharage, ijapokuwa watu wa Texas, ambao jimbo lao liliitangaza kuwa mlo wake rasmi mwaka 1977, wengi wao huyakataa hata humo. Juu ya soseji tatizo si asili, ni umbo: punje nzima haikai, huviringika na kudondoka. Ikiwa fedha ndiyo inayobana, ni heri kupunguza rojo kwa kila mkate hadi vijiko viwili vya chakula kuliko kuliongezea maharage.

JikoKilwaMasoko alijibu:

Dada yangu wa Shangani, mimi nitasema la jibini. Mozzarella itayeyuka na kuvutika vizuri, na watoto watafurahi kuona zile nyuzi, lakini ladha yake ni ya maziwa tu na itamezwa na bizari na mdalasini. Cheddar imekaa muda ikikomaa, ina ukali na chumvi, ndiyo maana husikika hata chini ya rojo la nyama. Kama kuna mtu anayesafiri kutoka Dar es Salaam siku hizo, mwagize kipande kizima, kisiwe kilichokwisha kukwanguliwa, akibebe kwenye kuli boksi lenye barafu. Njia ni ndefu, zaidi ya kilomita 550, lakini jibini ngumu huivumilia vizuri kuliko jibini laini. Wapwa zako wenyewe wanatoka huko, kwa hiyo mzigo una wabebaji.

Kwa watu ishirini wanaokula nje ningetengeneza sosi, kwa sababu jibini iliyokwanguliwa hutegemea joto la rojo ili iyeyuke, na rojo likishapoa hubaki mbichi juu ya nyama. Yeyusha siagi gramu 60, kaanga humo unga wa ngano gramu 60 kwa dakika mbili bila kuuacha ubadilike rangi, mimina maziwa mililita 750 kidogo kidogo huku ukikoroga, na yakishakuwa mazito na kuchemka, epua. Usikose kuepua. Hapo ndipo utie gramu 400 za cheddar iliyokwanguliwa, kwa mafungu, ukikoroga hadi kila fungu lipotee. Jibini ikichemshwa motoni, protini zake hukazana na kuyatema mafuta, nawe unabaki na vidonge vigumu vinavyoelea kwenye mafuta ya njano. Unga uliomo katika maziwa husaidia kuyazuia mafuta yasijitenge, lakini hauna nguvu mbele ya moto mkali. Ukikosa cheddar kabisa, tumia zile jibini za vipande vilivyofungwa kimoja kimoja. Hazina heshima kwa wajuzi, lakini kiwandani zimetiwa chumvi maalumu zinazozifanya ziyeyuke laini bila kujitenga, na kwa karamu ya watoto mimi sizidharau hata kidogo.

FundiMikateNachingwea alijibu:

Shikamoo mama. Mkate unaokwa vizuri kabisa kwa jiko la mkaa. Kwa mikate ishirini na minne kanda unga wa ngano kilo moja, hamira ya chenga gramu 14, sukari gramu 80, chumvi gramu 18, mayai mawili, siagi gramu 100 na maziwa vuguvugu mililita 550. Kanda hadi donge liwe laini na lisigande mkononi, liache liumuke mpaka liwe mara mbili, na kwa joto la Mtwara usiende mbali, kwa kuwa saa nzima inaweza kuwa nyingi. Gawa madonge ya gramu 75, yasokote marefu kulingana na soseji zako, uyapange kwenye trei yakiwa karibu karibu ili yakiumuka yagusane. Yanapogusana ubavu, ubavu haukauki, na mkate wa hotdogi unapaswa kuwa laini ubavuni.

Weka trei ndani ya sufuria kubwa nzito uliyoipasha moto, juu ya mkaa mchache, kisha funika na upalie juu mkaa mwingi zaidi ya ule wa chini. Chungulia baada ya dakika kumi na tano. Ukipoa, ukate kwa juu badala ya ubavuni, ili usimame wenyewe kwenye sahani bila kufunguka, na kabla ya kuujaza upake siagi ndani na uubanike kwenye kikaango kikavu, kwa sababu uso uliokauka kidogo hauruhusu rojo kupenya upesi.

MkulimaNewala alijibu:

Nashangaa kwamba tunajadili jibini katika mkoa wa korosho bila mtu kuzitaja. Korosho zilizovunjika, ambazo bei yake ni ya chini kuliko nzima, zikilowekwa katika maji ya moto kwa nusu saa, zikasagwa kwenye blenda pamoja na ndimu, chumvi, kitunguu saumu na chembe ya manjano, kisha zikapashwa moto mdogo, huwa sosi nzito yenye rangi ya jibini, bila kuagiza chochote Dar es Salaam.

JikoKilwaMasoko alijibu:

Ni sosi tamu, na nyumbani kwangu hupikwa, lakini haina ule ukali wa maziwa yaliyogandishwa yakakomaa, na watoto walioomba jibini watajua. Iwekwe kando kwa wasiokunywa maziwa, na kabla ya kuitoa waulizwe wazazi wa majirani kama kuna mtoto ambaye korosho humdhuru.

MamaWaShangani aliandika:

Nawashukuru sana, na jibini nitaiagiza kwa wapwa wenyewe. Limebaki moja: je, rojo naweza kulipika siku moja kabla, na siku yenyewe nivitunze vipi vyakula hivi hapo uani?

MpishiMikindani alijibu:

Lipike jana yake, mama, tena litakuwa bora, kwa sababu viungo vitakuwa vimeingia na mafuta yataganda juu ya rojo ndani ya friji uyaondoe kwa kijiko. Ila usiliingize friji likiwa sufuriani na la moto. Litandaze katika masinia mapana ili lipoe haraka, ndipo ulifunike na kulihifadhi. Siku yenyewe lichemshe kabisa, kisha liache juu ya makaa mafifu likiendelea kutoa mvuke. Soseji zipashe katika maji ya moto yasiyotokota, bila kuzitoboa, kwa sababu ukizitoboa utamu wote hubaki majini. Chakula kilichopikwa kisikae nje bila moto kwa zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32, saa moja tu.

Mpangilio ni mkate, haradali, soseji, vijiko vitatu vya rojo, kitunguu, na jibini juu kabisa. Usizijaze zote ishirini kwa pamoja. Jaza sita, zitoe, ukianza kuona mikono mitupu ujaze sita nyingine, na pilipili kali iwe kwenye bakuli pembeni kwa ajili ya wakubwa.